Mzee wa jirani kajiona kwenye mbuzi wangu wa udongo, sasa hata salamu hakuna

Shikamoo Shangazi,

Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Bagamoyo, kazi yangu ufinyanzi. Kwetu Tabora, huku pwani nimeolewa kwa Wazaramo. Naomba unisaidie maana nyumbani sasa hivi kila mtu ana lake la kuniambia na sijui nimsikilize nani.

Natengeneza sanamu za kuchekesha, nazichoma kwa raku. Kwa wasioijua ni hivi, sanamu inachomwa mara ya kwanza kawaida, ikipoa unaipaka glezi, ile rangi inayoyeyuka ikawa kioo, halafu unairudisha kwenye tanuri dogo la gesi (langu ni pipa la mafuta, ndani nimelivisha blanketi la kauri la kuzuia joto lisitoke), ikikaribia nyuzi 1000, nyekundu kabisa inawaka, unaitoa hapo hapo na koleo refu unaitumbukiza kwenye pipa la bati lenye maranda, moto unalipuka, unafunika. Moshi unaingia kwenye udongo, pasipo na glezi panakuwa peusi tii, na penye glezi panafanya vinyufa vidogo vidogo moshi unakaa humo. Hujui itatokaje mpaka ufunue, na mi hapo ndo napapenda kuliko kitu chochote kwenye kazi hii.

Wanyama wangu wana mambo ya watu. Nina kuku mwenyekiti wa kikoba, kalikalia sanduku la hela za wanachama hataki kuinuka. Nina kiboko kapanda mzani wa gengeni anavuta tumbo ndani. Nina chura kavaa suti kubwa kuliko yeye anasubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi. Na nina mbuzi, huyo ndo kaleta yote haya. Mbuzi kakaa barazani, miguu kaipishanisha, miwani upande mmoja imefungwa na uzi, anasoma gazeti na kona ya gazeti keshaila.

Sasa jirani yetu ni mzee mmoja wa heshima zake, mstaafu, kila jioni yuko barazani na gazeti, na miwani yake ina uzi. Mbuzi yule mi nilimtoa kwa wazee wengi Shangazi, babu yangu Tabora alikuwa anasoma gazeti la wiki iliyopita kwa kilio na kicheko kama limetoka asubuhi ile. Ila shemeji yangu akampiga mbuzi picha akaitupia kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, watu wakacheka weee, haikupita muda watoto wakaanza kumwita mzee "Babu Mbuzi" akienda msikitini. Mzee akaja akasimama getini, hakuingia, akamwambia mume wangu "mkeo kanichoma moto kanipaka masizi", akageuka akaondoka. Tangu siku ile hatusalimii, mkewe naye akiniona anaingia ndani.

Wifi yangu anasema nisijali, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, mzee hana haki ya kununa. Mume wangu anasema nimvunje mbuzi mbele ya mzee yaishe. Na hapo hapo hoteli moja ya wageni yenye duka imemuona yule mbuzi inataka wengine wa hivyo hivyo, na hela yao ni nzuri, sijawahi kupata oda ya hivyo. Halafu kuna mwenye duka la vinyago Dar aliyeniambia niachane na katuni, nitengeneze tembo na Wamasai kama wenzangu, eti raku ni sanaa ya Kijapani ya heshima sio ya mbuzi wenye miwani. Sijamaliza. Jirani wa upande wa pili analalamika moshi kwenye nguo zake, wateja wamerudi kusema ile rangi ya shaba waliyonunua inang'aa imefifia imekuwa kijanikijani, na kiboko miguu inapasuka nikimtoa tu kwenye moto.

Nimefika mahali nafikiria nirudi kwenye vyungu vya maua. Nivunje mbuzi? Niache vichekesho? Nisaidie.

Mfinyanzi wa Bagamoyo

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na mzee, maana moshi na miguu ya kiboko vina dawa yake, ila mzee akifa amenuna hilo halina dawa.

Wifi yako kasema kweli nusu. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi upo, tena kwa Bagamoyo ndo nyumbani kwake hasa, umetokana na misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanashuka na pembe za ndovu mpaka hapo ulipo, watu wakakaa, wakauziana, wakagombana, wakazikana, mwisho wakawa watani. Lakini umewahi kumuona mtani akifanya kazi yake? Yuko pale pale mbele yako. Msibani anajilaza kaburini anagoma kutoka mpaka mtoe hela, anawatukana wafiwa usoni, na wafiwa wanamrudishia papo hapo, na kesho kwenye msiba wake ni zamu yao. Utani una kwenda na kurudi. Mbuzi wako hana kurudi. Kakaa kwenye rafu, mzee akimtukana hajibu, akimnunia hajali, na wakati huo huo kuna bei shingoni na watoto wa mtaa wanacheka. Huo sio utani tena, mzee kasemwa mahali ambapo yeye hana pa kujibia. Kwa hiyo usiende kwake na hoja ya utani, utamuudhi mara mbili.

Na usimvunje mbuzi mbele yake. Najua mumeo ana nia njema lakini fikiria mzee anavyoiona, sanamu anayoamini ni yeye inapigwa nyundo vipande vipande machoni pake! Ataota usiku. Usimpelekee kama zawadi pia, kuna watu watakushauri hivyo.

Nenda jioni, nenda na mtu mzima wa ukoo wa mumeo, sio mumeo peke yake, huyo alishapokea maneno getini na anaweza kuanza kujitetea. Wewe piga shikamoo, kaa chini, acha mkubwa aongee kwanza. Ikifika zamu yako usianze kueleza sanaa wala babu yako wa Tabora, hayo yapo na ni kweli lakini mzee hakuja getini kuuliza wazo lilitoka wapi. Kilichomuuma ni watoto. Mtu kafanya kazi maisha yake yote, kastaafu, heshima aliyobaki nayo ni kuitwa mzee na watoto wa mtaa, sasa wanamuita Babu Mbuzi njiani akienda kuswali. Mwambie hilo umelisikia na limekuuma. Mwambie picha imetolewa, na kabla hujaenda hakikisha kweli imetolewa, shemeji yako aifute na aandike yeye mwenyewe kwenye grupu hilo kwamba watoto waache. Yeye ndo aliirusha. Watoto wa kwako uwakalishe wewe.

Halafu muulize mzee anataka mbuzi afanywe nini. Muulize kweli, uwe tayari kwa jibu lolote. Mpaka atakapojibu mbuzi huyo asiuzwe, mfunge kwenye boksi uweke juu ya kabati. Akisema mweke, mweke. Akicheka akasema muuze, uza. Wazee wa pwani wanajua kucheka kuliko wewe na mimi, wanachotaka ni kuombwa ruhusa.

Sasa nikwambie kitu kuhusu ule uzi wa miwani maana hapo ndo kuna kazi yako.

Kule California alikuwepo mfinyanzi anaitwa Robert Arneson, kazaliwa 1930 kafariki 1992, alikuwa mwalimu Chuo Kikuu cha California pale Davis na alifanya vichekesho vya udongo mpaka wakubwa wa sanaa wakalazimika kumtazama. Mwaka 1981 jiji la San Francisco lilimpa kazi ya kutengeneza kichwa cha meya wao George Moscone, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1978. Akatengeneza kichwa kikubwa cha kauri kinatabasamu, kizuri tu. Ugomvi ukaja kwenye nguzo ya chini, aliijaza maneno na alama, hadi bastola ikawemo. Wakamwambia abadilishe nguzo, akakataa, tume ya sanaa ya jiji ikaikataa kazi. Mi naona pande zote mbili zilikuwa na uchungu wa haki. Ila unaona? Uso haukumkera mtu, ni zile alama za pembeni zinazosema huyu ni fulani na hiki ndo kilimpata. Mbuzi anayesoma gazeti ni mzee yeyote kuanzia Bagamoyo mpaka Ujiji. Uzi wa miwani ni mzee mmoja. Ukishaweka alama ya mtu mmoja mtaa mzima utaisoma, hata kama wewe ulikuwa na wazee kumi kichwani.

Kwa hiyo fanya wanyama wako kutoka kwa watu, huwezi kufanya vingine na usijaribu, lakini alama ya mtu mmoja ichukue kwa mtu mmoja tu ambaye hawezi kukushtaki, yaani wewe. Arneson huyo huyo uso aliouchezea kuliko nyuso zote ni wa kwake, kaufinyanga katika kila hali, na mtu akiuliza huyu nani jibu lilikuwa tayari. Mbuzi wako anayefuata mvishe kilemba chako na aproni yako yenye madoa, mpe koleo, mweke mbele ya pipa linalotoa moshi. Mtaa ukimuona huyo utajua umejianza mwenyewe, na nakuhakikishia hakuna kitu kinachowapoza watu haraka kama hicho.

Huyo mwenye duka wa Dar namjibu kwa hamu maana kaniudhi. Raku ilianza Kyoto, Japani, karne ya 16, na mtu wa kwanza anayetajwa ni Chōjirō, alikuwa anafinyanga kwa mkono mabakuli ya chai ya Sen no Rikyū, bwana mkubwa wa sherehe za chai za Kijapani. Heshima ipo, ukoo wa Raku unaendelea na kazi mpaka leo. Lakini kazi ya zamani kuliko zote ya Chōjirō yenye tarehe, ya mwaka 1574, sio bakuli, ni sanamu ya simba! Mnyama. Na hii ya kutumbukiza kwenye maranda tunayoifanya sisi hata Kyoto haikuwepo, imeanza Marekani mwaka 1960 na Paul Soldner, alitoa bakuli kwenye tanuri likiwa la moto akalivingirisha kwenye majani akaona linavyobadilika, kikapatikana kitu kingine kabisa. Sasa mtu anayekukataza mbuzi kwa jina la Wajapani hajui Wajapani walianzaje na hajui hayo maranda yametoka wapi.

Na asikwambie kuwa kuchekesha ni kazi ya chini. Hapo hapo Dar alikuwepo George Lilanga, mchonga vinyago na mchoraji, Mmakonde wa Masasi, kazaliwa 1934 katutoka 2005, alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii. Mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo mbele yanafanya mambo ya kila siku ya watu, yamezunguka dunia na yamenunuliwa na watu ambao tembo wa mpingo hawamtazami mara mbili. Nenda kayaangalie vizuri, hata kwenye picha, uone kichekesho chake kiko wapi. Kiko kwenye mwili. Jinsi mguu ulivyonyooka, jinsi mtu alivyoegemea. Ndo maana mi katika wanyama wako wote ninayempenda kuliko ni kuku wa kikoba, umesema "hataki kuinuka" nikamuona palepale. Usimuongezee tabasamu wala macho ya kutoka. Yeye anaona kukalia sanduku ni wajibu wake, anafanya kwa dhati kabisa, sisi ndo tucheke. Ukianza kumfanya mnyama naye ajue kwamba anachekesha, basi umemharibu. Mwenge, kwenye soko la vinyago la Dar, tembo wapo wamejaa kila kibanda, wanauzwa bei chee wanasubiri mtalii. Kuku mwenyekiti wa kikoba hayupo popote zaidi ya kwako na unataka kumuacha ukafanye vyungu vya maua?

Haya, moto. Kiboko miguu inapasuka kwa sababu miguu na tumbo havina unene mmoja. Ukimtoa nyuzi 1000 kwenda hewani kimoja kinapoa haraka kingine bado, vinavutana, pa kukatikia ni pale mguu unapoingia kwenye tumbo. Tumbo lichimbe liwe wazi ndani, unene ufanane kote, na acha tundu chini, hewa iliyofungiwa ndani ikipashwa moto inatafuta pa kutokea. Kwenye udongo changanya vigae vilivyokwisha kuchomwa, uvitwange uvichekeche, mpaka kama robo ya udongo wote, mabibi zetu walikuwa wanafanya hivyo kwenye vyungu vya kupikia kwa sababu hiyo hiyo ya moto. Na miguu ya kiboko iwe minene mifupi, hata kichekesho kitaongezeka.

Rangi ya shaba itafifia, hilo uwaambie wateja kabla hawajatoa hela. Ule mng'ao ni shaba iliyonyang'anywa hewa ndani ya maranda, ikikaa nje hewa inairudia taratibu inarudi kijani. Asiiweke juani wala bafuni itadumu zaidi, ila kudumu milele hapana. Mi ningekuwa wewe ningeitumia kidogo, kwenye suti ya chura labda, nikaegemea glezi nyeupe ya vinyufa na weusi wa moshi, hizo hazibadiliki na zinakaa vizuri kwenye ngozi ya mnyama mzee. Na kama hoteli wataanza kukuomba vikombe na mabakuli ya wanyama wako kataa, raku yetu hii inanyonya maji na glezi yake sio ya kulia chakula, ni pambo, andika hivyo chini ya kila sanamu.

Moshi wa jirani wa pili unatatulika kama utakubali kuamka. Mchana upepo unatoka baharini unapeleka moshi wote mtaani, asubuhi mapema kabla jua halijakolea mara nyingi umetulia au unaelekea bahari, choma saa hizo, muulize yeye anafua siku gani. Maranda punguza, watu wengi wanajaza pipa bila sababu, na mfuniko uzungushie mchanga mbichi pembeni usivuje. Na nikuombe, khanga usijifunge ukiwa na koleo mkononi, inapeperuka, na nguo za nailoni ndo kabisa, zinayeyukia mwilini. Vaa suruali nzito ya pamba, glavu za ngozi ndefu, kinga ya uso. Tanuri liwe nje sio chini ya kibanda kilichozibwa, gesi ya ule moshi inaua na haina harufu, na blanketi la kauri ukilikata vaa barakoa ya maana, vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Watoto wakae mbali kabisa, hata wakilia kuona moto.

Mumeo muonyeshe barua hii. Mtu anayesema vunja yaishe amechoka kuwekwa kati, sio kwamba hapendi kazi yako, na safari ya kwa mzee mtaipanga pamoja.

Hoteli wajibu wiki hii hii wasije wakaenda kwa mwingine. Waambie mbuzi yule hauzwi kwa sasa na hatarudiwa, usiwaeleze sababu, ya mzee hayawahusu. Wapelekee kuku na kiboko wa miguu minene, na mbuzi mpya mwenye koleo akishatoka salama, na bei utaje wewe kabla hawajataja yao.

Shangazi